Mabango ya filamu za zamani: Hazina ya familia au mzigo wa nyumba?

Kifurushi kinafika nyumbani saa 11 jioni. Ni bomba refu la karatasi ngumu, limetoka Marekani na limepita mikono mingi. Baba analifungua taratibu juu ya meza ya chakula, watoto wamemzunguka. Ndani linatoka bango la filamu ya upelelezi ya mwaka 1941: mwanamume mwenye kofia, bastola mkononi, mwanamke anayetazama pembeni, na jina la filamu kwa herufi kubwa.

Watoto wanashangilia. Mama amesimama mlangoni, anauliza swali moja tu: “Baba watoto, hiyo imetugharimu kiasi gani?”

Baba anakohoa kidogo, kisha anabadilisha mazungumzo.

Huu ni mfano tu, lakini mtu yeyote anayeishi na mkusanyaji wa vitu vya kale ataitambua sauti ya kikohozi hicho.

Kukusanya mabango halisi ya filamu za zamani ni hobi iliyokomaa Marekani na Ulaya. Ina minada yake, mafundi wake na matapeli wake. Simu na intaneti vimeisogeza hadi kwa mzazi aliyeko Dar es Salaam, Nairobi au Muscat. Leo mtu anaweza kuliona bango, kushindania bei na kulipia akiwa kitandani, mwenzake amelala pembeni asijue lolote.

Hapo ndipo suala la karatasi linapogeuka kuwa suala la familia. Hobi hiyohiyo inaweza kumtuliza mtu, kuwakutanisha wazazi na watoto, hata kuacha urithi. Inaweza pia kula ada, kujaza vyumba na kuzaa siri ndani ya ndoa. Tofauti haiko kwenye bango. Iko kwenye namna nyumba inavyoishi nalo.

Karatasi iliyotakiwa kutupwa

Ili kuelewa kwa nini mtu mwenye akili timamu analipa fedha nyingi kwa karatasi iliyokunjwa, ni lazima kujua ilikotoka.

Mabango haya hayakuchapwa ili yatunzwe. Kazi yake ilikuwa kumvuta mpita njia aingie sinema wiki hiyo. Filamu ikiondoka, bango lake nalo huondoka: linachanwa, linabandikwa jingine juu yake, au linarudishwa kwa msambazaji.

Nchini Marekani, kuanzia miaka ya 1940, usambazaji wa mabango mengi ulikuwa mikononi mwa kampuni moja, National Screen Service, iliyoanzishwa mwaka 1920. Kumbi za sinema ziliyakodi, zikayatumia, kisha zikayarudisha ili yaende ukumbi mwingine. Bango likichakaa, safari yake imekwisha.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikaongeza uhaba. Wananchi walihamasishwa kutoa karatasi kuukuu zitumike tena kwa mahitaji ya vita, na mabango mengi yakaenda na magazeti.

Ndiyo maana yaliyobaki ni machache, na mara nyingi yamebaki kwa bahati: mtu alisahau, au alitumia karatasi kwa kazi nyingine.

Mfano mmoja unajulikana sana. Mabango 33 ya miaka ya mwanzo ya 1930 yalipatikana darini katika nyumba moja huko Pennsylvania, yakiwa yamegandamana kwa gundi ya kubandikia karatasi za ukutani. Mnunuzi aliyachukua kwenye mnada wa mtaani kwa takriban Dola 30,000 za Marekani. Yakabanduliwa moja moja, yakakarabatiwa, na mwaka 2012 yakauzwa Dallas kwa jumla ya zaidi ya Dola 500,000. Miongoni mwake yalikuwemo ya filamu za majambazi na za kutisha, lakini somo lake ni lilelile kwa kila bango la zamani: thamani ilikuwepo siku zote, kilichokosekana ni mtu wa kuitambua na kuihudumia.

Kwa upande wa filamu za mafumbo, simulizi inayogusa zaidi ni ya London After Midnight ya mwaka 1927. Katika filamu hiyo, Lon Chaney anaigiza mpelelezi wa Scotland Yard anayechunguza kifo cha mtu tajiri. Nakala ya mwisho ya filamu iliyojulikana iliteketea kwa moto katika ghala la studio ya MGM miaka ya 1960. Hakuna mtu anayeweza kuitazama tena. Kilichobaki ni picha, maandishi na mabango. Novemba 2014 bango lake moja liliuzwa kwa Dola 478,000.

Tangazo limeishi muda mrefu kuliko kitu lilichokitangaza.

Uchawi wa filamu za upelelezi

Wapo wanaokusanya mabango ya filamu za mapenzi, za vita au za ng’ombe na farasi. Wanaopenda filamu za upelelezi wana sababu yao: bango la filamu hizo ni fumbo lenyewe. Linatakiwa likupe dalili za kutosha kununua tiketi, lakini lisikuambie nani aliua.

Tazama Laura ya mwaka 1944, ambamo mpelelezi anachunguza mauaji ya mwanamke huku akivutiwa na picha yake ya kuchorwa iliyotundikwa ukutani. Au The Maltese Falcon ya mwaka 1941, ambamo Humphrey Bogart anasaka sanamu ya ndege ambayo kila mtu anaitaka. Au The Hound of the Baskervilles ya mwaka 1939, iliyomtambulisha Basil Rathbone kama Sherlock Holmes.

Kisha akaja msanifu Saul Bass. Kwa Vertigo ya Alfred Hitchcock mwaka 1958 hakuweka sura kubwa za waigizaji. Aliweka mizunguko myeupe juu ya rangi ya machungwa na vivuli viwili vya watu wanaozama katikati yake. Mwaka uliofuata, kwa Anatomy of a Murder, alichora mwili wa mtu uliokatwa vipande kama karatasi za mtoto wa chekechea. Mtu anaelewa hofu kabla hajasoma neno.

Filamu moja pia ilikuwa na mabango tofauti kila nchi. Waingereza walipenda bango la kulala, lenye upana wa sentimita 102 na kimo cha 76. Wafaransa walikuwa na kubwa la sentimita 120 kwa 160. Michoro nayo ilibadilika, kwa hiyo mkusanyaji anaweza kuifuata filamu moja kwa miaka mingi bila kuimaliza.

Na hapo ndipo utamu unapoanza kuchanganyika na hatari.

Hobi ni dawa, ikitumiwa kwa kipimo

Kuwa na hobi si anasa. Mwaka 2023 jarida la Nature Medicine lilichapisha uchambuzi wa takwimu za zaidi ya watu 93,000 wenye umri wa miaka 65 na kuendelea katika nchi 16. Waliokuwa na hobi walikuwa na dalili chache za sonona, na walijieleza kuwa wenye furaha na wanaoridhika zaidi na maisha kuliko wasio nayo.

Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba hobi peke yake ndiyo iliyoleta furaha. Mwenye afya njema ana nafasi zaidi ya kuwa na hobi. Hata hivyo, unakubaliana na kile ambacho familia nyingi zinakiona: mzee mwenye kitu cha kumwamsha asubuhi anaishi tofauti na anayekaa akisubiri jua lizame.

Mkusanyaji wa mabango anasoma, anapima, anaandikiana na wenzake, anajifunza historia. Akili inafanya kazi na mtu anakuwa na la kusimulia. Kwa mzazi anayerudi nyumbani kichwa kimejaa presha ya kazi, nusu saa ya kulipanga jalada lake inaweza kumtuliza kuliko saa tatu za kuperuzi simu.

Lakini dawa yoyote ina kipimo.

Kukusanya si kulimbikiza

Familia nyingi hushindwa kutofautisha mambo haya mawili, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Mama anasema “takataka zako”, baba anasema “hazina yangu”, kila mmoja akiona upande wake.

Mkusanyaji anachagua. Anajua ana nini, kiko wapi, alikipataje. Anaweza kukuonyesha kwa fahari, na anaweza kuuza kimoja ili anunue kilicho bora.

Mlimbikizaji hawezi kuachana na kitu hata kisicho na thamani. Akifikiria kukitupa anapata maumivu ya kweli. Vitu vinajaa hadi kitanda hakilaliki, meza haitumiki na mlango haufunguki. Mwaka 2013 Chama cha Madaktari wa Afya ya Akili cha Marekani kilikitambua kilimbikizi hicho kama tatizo la afya ya akili linalojitegemea, na sasa limo pia katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani.

Mzazi, jiulize maswali haya kuhusu mwenzako, mzazi wako mzee au wewe mwenyewe. Je, kuna chumba ambacho hakitumiki tena kwa kazi yake? Je, kuna vifurushi ambavyo havijafunguliwa wakati vingine vinaagizwa? Je, watoto wanaona aibu kuleta marafiki nyumbani? Je, kila anapoambiwa apunguze anapatwa na hasira au kilio kisicho cha kawaida?

Majibu mengi yakiwa ndiyo, usisubiri asafiri ndipo uchome moto. Kusafisha kwa kuvizia huumiza na kuvunja imani, na mara nyingi nyumba hujaa tena. Zungumza naye kwa upole, anzeni na kona moja, na mtafute mtaalamu wa afya ya akili hospitalini. Tiba ya mazungumzo husaidia.

Kama majibu ni hapana, basi una mkusanyaji ndani ya nyumba. Mpe kabati lake, mkubaliane na mipaka ya kabati hilo.

Wapelelezi wadogo mezani

Hii ndiyo sehemu ambayo wazazi wengi huikosa. Bango la filamu ya upelelezi ni nafasi ya kuwafanya watoto wenyewe wawe wapelelezi. Swali la kuwapa ni moja: je, bango hili ni la kweli?

Kwanza, wachukue futi wapime. Bango la kawaida la Marekani la kabla ya miaka ya 1980 lilikuwa na upana wa inchi 27 na urefu wa inchi 41, yaani takriban sentimita 69 kwa 104. Kadi za kuonyeshwa ndani ya ukumbi zilikuwa inchi 11 kwa 14, na kwa kawaida zilitolewa nane kwa seti. Nakala za kisasa za mapambo mara nyingi hukosea vipimo hivi.

Pili, watafute mikunjo. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, mabango ya Marekani kwa kawaida yalikunjwa kiwandani: mstari mmoja wa kusimama katikati na mitatu ya kulala. Hata bango lililonyooshwa vizuri na fundi huacha kumbukumbu ya mistari hiyo. Bango la mwaka 1941 lisilo na alama hata moja ya kukunjwa linapaswa kuulizwa maswali mengi.

Tatu, wasome maandishi madogo ya chini. Mabango mengi ya Marekani ya kuanzia miaka ya 1940 yana tarakimu mbili za mwaka, mkwaju, kisha namba ya filamu. Herufi R kabla ya mwaka inamaanisha filamu ilirudishwa sinema baadaye na bango lilichapwa wakati huo. Bango hilo si feki, lakini bei yake ni ya chini sana kuliko la mara ya kwanza. Muuzaji mjanja anaweza kutaja mwaka wa filamu bila kutaja mwaka wa bango.

Nne, watazame kwa lenzi ya kukuzia. Nakala iliyopigwa picha kutoka bango jingine mara nyingi ina herufi ndogo zenye kingo za ukungu, zilizojaa vidoti. Katika uchapaji halisi, herufi hizo huwa na kingo kali.

Tano, wazime taa na kuwasha tochi ya mwanga wa zambarau, kama ile inayotumika dukani kukagua noti bandia. Karatasi za kisasa nyingi hutiwa kemikali ya kuzing’arisha, hivyo hung’aa kwa rangi ya samawati. Karatasi ya miaka ya 1930 haikuwa na kemikali hiyo. Likiwaka kama shati jeupe kwenye ukumbi wa muziki, kuna tatizo.

Hakuna kipimo kimoja kinachotosha. Mwaka 2009 wakusanyaji Marekani waligundua kuwa mabango na kadi kadhaa za filamu za kutisha za miaka ya 1930, zilizokuwa zimeuzwa kwa maelfu ya dola, zilikuwa bandia, na hata wazoefu walikuwa wamedanganywa. Kwa bango la bei kubwa, maoni ya mtaalamu anayejitegemea ni ya lazima kabla ya kulipa.

Lakini kwa mtoto wa miaka 10, faida ni kubwa kuliko bango. Anajifunza kupima kabla ya kuamini, kutofautisha dalili na ushahidi, na kukubali kusema “bado sijajua”. Kwa kizazi kinachopokea picha za kughushi kwenye simu kila siku, hayo si masomo madogo. Na si lazima kumiliki bango la gharama: nakala ya bei nafuu mezani, ikilinganishwa na picha za minada, inatosha kwa mchezo huu.

Fedha na ukweli ndani ya ndoa

Turudi kwenye kikohozi cha baba. Kinachoumiza ndoa mara nyingi si kiasi kilichotumika. Ni kugundua.

Mwenza anayekuta risiti mfukoni au ujumbe wa malipo kwenye simu haulizi tu kuhusu bango. Anajiuliza ni nini kingine hakijui. Siri ya laki moja inaweza kuchafua uaminifu wa miaka 15.

Kanuni ni rahisi kuitamka, ingawa ni ngumu kuitekeleza. Fedha ya hobi itoke baada ya ada, chakula, bima ya afya na akiba ya dharura, na kiwango chake kijulikane na wote wawili. Kiasi kinachozidi hapo kizungumzwe kabla, si baada. Kama baba ana bajeti ya mabango, mama naye awe na ya kwake, ya kitu anachokipenda, bila kuulizwa kimefaa nini.

Bei ya bango pia si gharama yote. Kuna kamisheni ya mnada, usafirishaji, ushuru, fremu na matengenezo. Bango la bei ndogo linaweza kufika nyumbani likiwa limegharimu mara mbili.

Usidanganyike na neno “uwekezaji”. Bei za rekodi zinatangazwa kwa sababu ni nadra. Mabango mengi huuzwa kwa bei ya kawaida, na ladha za watu hubadilika. Kununua bango kwa mkopo wa kwenye simu, ukitarajia litapanda bei kabla ya marejesho, ni kamari iliyovaa suti.

Angalia na mwili wako unavyoitika. Mnada wa mtandaoni una saa inayohesabu kurudi nyuma, moyo unadunda, na kushinda kuna raha yake. Mtu akiona anashindana ili ashinde tu, anaficha hasara, au anakosa usingizi kwa kufuatilia minada ya usiku wa manane, hiyo ni ishara ya kusimama na kuomba msaada.

Karatasi kuukuu na mapafu machanga

Karatasi ya zamani huja na wageni: vumbi, ukungu na wadudu. Kwa mtoto mwenye pumu au mzio, vumbi na ukungu vinaweza kuamsha kikohozi na kubanwa kifua.

Bango jipya la zamani lifunguliwe sehemu yenye hewa, si juu ya kitanda cha mtoto. Likiwa na harufu ya uvundo au madoa ya ukungu, vaa barakoa, litenge na mengine, na usilisugue ndani ya nyumba. Shika kwa mikono safi na mikavu.

Wengi huweka ndani ya kabati vile vidonge vyeupe vyenye harufu kali vya kufukuzia wadudu, vinavyoitwa naftalini. Hapa wazazi wawe makini sana. Mtoto anaweza kuvidhania kuwa pipi. Tena, kwa watoto waliozaliwa na upungufu wa kimeng’enya cha G6PD, hali inayopatikana kwa wingi katika maeneo yenye historia ya malaria, kemikali hiyo inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu na kuleta upungufu mkubwa wa damu na manjano. Mtoto mchanga anaweza kudhurika hata kwa nguo au mashuka yaliyohifadhiwa na vidonge hivyo. Hakuna bango lenye thamani hiyo. Mtoto akimeza, mpeleke hospitali mara moja ukiwa na kopo au pakiti yake.

Njia salama zipo. Weka mabango mbali na sakafu na ukuta wenye unyevu, kagua mchwa mara kwa mara, na tumia vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, navyo pia visifikiwe na watoto. Ukitundika, epuka ukuta unaopigwa na jua, kwa kuwa mwanga hufifisha rangi. Usiweke selotepu, na kamwe usipige laminesheni: hiyo huua thamani kabisa. Bango lililochanika hupelekwa kwa fundi wa karatasi, ambaye hulibandika juu ya kitambaa kwa gundi ya wanga inayoweza kuondolewa baadaye.

Jambo la mwisho ni mahali pa kutundika. Bastola, maiti na macho yenye hofu vinaweza kuwa sanaa kwa mtu mzima, lakini mtoto wa miaka minne bado anajifunza kutenganisha picha na ukweli. Kama ameanza kukataa kulala peke yake, anza kwa kutazama kilichoko ukutani. Mabango hayo yakae sebuleni au kwenye chumba cha kazi.

Nani atajua mkiondoka?

Mkusanyaji akifariki bila kuacha maelezo, familia hubaki na mafaili ya karatasi na maswali. Wengine huchoma. Wengine huuza kwa wa kwanza kubisha hodi. Wengine hugombana wakiamini kuna mamilioni, kumbe ni nakala za mapambo.

Daftari moja linatosha kuzuia hayo yote. Kila bango liandikwe jina la filamu, mwaka, vipimo, lilikonunuliwa, bei, na picha yake. Anayeishi naye ajue daftari liko wapi. Aandike pia ni yapi yasiuzwe na kwa nini: “Hili tulitazama na mama yenu” ni maelezo yenye uzito kuliko bei.

Hata kwa asiyekusanya, kuna la kuchukua. Zanzibar, Dar es Salaam, Tanga na Mombasa zilikuwa na kumbi za sinema zilizoonyesha filamu za India, Misri, Marekani na Uingereza. Babu aliyefanya kazi ukumbini au kuuza tiketi anaweza kuwa na kitu ndani ya sanduku. Kabla ya kutoa moto uani wakati wa usafi, fungua sanduku hilo pamoja naye akiwa bado hai. Muulize aliona nini, alikwenda na nani, tiketi ilikuwa bei gani. Huenda hakuna bango la thamani, lakini mazungumzo hayo hayauzwi mnadani.

Sasa turudi mezani. Baba amekaa kimya. Mtoto wa pili, aliyesoma kidogo kuhusu mabango, ameinamisha kichwa hadi pua inakaribia karatasi. Anapitisha kidole hewani juu ya bango, kutoka kulia kwenda kushoto, kutoka juu kwenda chini.

“Baba,” anasema, “mbona hili halina mikunjo?”

Kuna nyumba ambamo mtoto huyo angeambiwa aende akalale. Kuna nyingine ambamo baba angevuta kiti, amwite mama akae, amtajie bei kamili, kisha wote wanne waanze kupima. Bango linaweza kuwa feki usiku huo, na fedha zikawa zimekwenda. Lakini nyumba ya pili ingelala ikiwa na ukweli mezani, na mtoto mmoja angejua kwamba swali zuri halimkasirishi mzazi.